Sarafu ya Daraja Aliyoisugua Mselem

Mtu akikuambia soko zima la Newtown hakuna anayejua vitu vya kale kumshinda Mselem wa Tanga, ujue kaambiwa na Mselem mwenyewe. Shule aliiacha darasa la sita, lakini saa na redio za zamani huzitolea hukumu mezani pake kama kadhi.

Mwaka 2017, ndani ya mkebe wa vifungo alioununua, akakuta sarafu nene ya shaba, nyeusi kama chungu. Upande mmoja kichwa cha mtu, upande wa pili kitu kilichopinda. Mzee Tavares, Mreno wa mtaa wa Rosettenville anayekusanya sarafu, aliitazama juujuu akasema atarudi Jumamosi. Ikiwa ni ya Kirumi, ataichukua. Lakini kile kilichopinda ni nini? Mselem hakutulia.

"Mlango wa msikiti," alimwambia Ruphin, fundi cherehani Mkongomani wa meza ya jirani.

"Warumi na msikiti wapi na wapi, kaka? Leta. Nilisoma Kilatini kwa mapadri miaka mbili, mbele ya kunifukuza." Akayakodolea macho maandishi yaliyozunguka ukingo. "'Kwa mtawala aliye bora kabisa.' Ingine haionekane."

"Kajisifu mpaka kwenye pesa?"

"Wewe unajisifu bila hata pesa."

Basi Mselem akafanya ambalo angefanya yeyote aliyelelewa Tanga kwenye nyumba yenye masinia ya shaba: akachukua ndimu na majivu. Akasugua mpaka ikang'aa kama mkufu wa bibi harusi. Na kweli kikatokea: daraja, minara huku na huku, mashua chini yake.

Jumamosi Tavares akaishika, uso ukamshuka. "Nani kaiosha?"

"Mimi. Na kazi hiyo sikutozi."

"Ule weusi ndio umri wake. Miaka elfu moja na mia tisa umeimaliza kwa ndimu. Siitaki."

Mselem akaelekeza kidole kwenye daraja. Biashara imekufa, swali bado li hai. "Daraja la wapi?"

Tavares akavuta kiti shingo upande. Akaeleza kuwa kichwa kile ni cha Traiano, mtawala wa Kirumi aliyejenga barabara, bandari, mfereji wa maji, na kazi hizo zikachapwa kwenye sarafu ili hata asiyefika azione. Hili wasomi wengine husema ni daraja la mto Danubi, wengine wanakataa.

"Wasomi hao wanabishana?"

"Mpaka leo."

Mselem akaitia sarafu mfukoni, na haiuzi tena. Ruphin anashikilia ni Danubi. Mselem anakataa katakata. Sababu ya kukataa bado anaitafuta.