Fomu Niliyoitengeneza Mwenyewe Ikanigomea

Fomu niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilinikataa mara mbili mbele ya dada yangu, na haikuwa na hitilafu yoyote.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hadi leo dada akikumbuka anacheka mpaka anashika ukuta.

Mimi natengeneza mifumo ya kompyuta katika ofisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Tuko sita chumba kimoja. Zamani mtu akitaka cheti cha mtoto alipanga foleni tangu alfajiri, ndipo tukapewa kazi ya kuihamishia huduma kwenye simu.

Na hatukujifungia miaka mitatu tukatoka na dude lisiloguswa. Kila wiki mbili tulisoma maoni ya wananchi, tukarekebisha, tukatoa toleo jipya. Ukutani tulibandika vikaratasi vya njano, kila kimoja na ombi la mwananchi. Ombi likitimizwa, kikaratasi kinahamia kulia na tunapiga makofi.

Maoni yalikuja kwa wingi, tena yenye akili. "Ondoeni maelezo marefu, yanachelewesha." Tukaondoa. "Badala ya Jina la Baba Mzazi wekeni JBM, inatosha." Tukaweka. "Mtu akishajaza apeleke, kuhakiki kwa nini?" Tukafuta ukurasa wa kuhakiki.

Asilimia tisini na nane walisema wameridhika sana. Bosi wetu, ambaye kwa siri tunamwita Mzee Asilimia, aliichapisha namba hiyo akaibandika mlangoni kwake.

Mimi kichwa kilivimba kidogo, sikatai.

Sasa Alhamisi moja jioni dada akaja kwangu na kitinda mimba wake. Mtoto anatakiwa kuanza darasa la kwanza, na shule inataka stakabadhi ya maombi ya cheti. Mwisho ni kesho yake saa nane mchana. Akikosa, anakaa nyumbani mwaka mzima.

Nikamwambia alete simu, hiyo ni kazi ya dakika tatu. Mjomba yupo, wasiwasi wa nini?

Nikafungua. JBM, sawa. JMM, jina la mama, sawa. NKM.

Dada akauliza NKM ni nini.

Jamani, sikujua. Ofisini tunapoijaribu fomu kuna kitufe kinachojaza taarifa za uongo chenyewe. Tangu ianze kazi sikuwahi kuijaza kwa vidole vyangu hata siku moja.

Nikakisia namba ya kitambulisho. Nikabonyeza. Ikaniambia taarifa si sahihi. Ipi? Haisemi, maana maelezo tuliyaondoa. Nikajaribu namba ya simu. Taarifa si sahihi.

Hapo jasho likaanza kunitoka. Ukikosea mara tatu, fomu inakufungia siku saba. Hilo nililiweka mimi mwenyewe, na siku ile walinipongeza.

Dada akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, hivi kazini huwa unaenda kweli?"

Mganga hajigangi, ndugu zangu. 

Akasema majirani zake wote walijaziwa fomu zao na Mama Fotokopi, kwenye kibanda kinachotazamana na geti la ofisi yetu. Yeye hakutaka kwenda huko kwa sababu anaye ndugu anayejua. Nimekipita kibanda kile miaka minne na sikuwahi hata kusalimia.

Ijumaa asubuhi tukaenda. Nilivaa kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi, wenzangu wasinione. Kwenye benchi walikuwa watu tisa. Tukakaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mama Fotokopi ni mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Zamu yetu ilipofika alichukua simu ya dada, akamuuliza maswali manne tu: mtoto anaitwa nani, alizaliwa wapi na lini, baba ni nani, na kitabu cha kliniki kiko wapi. Akafunua jalada la nyuma la kitabu, akanakili namba iliyopigwa muhuri.

"NKM," akasema bila kuinua macho. "Namba ya Kitabu cha Mtoto."

Herufi zinalingana kabisa, nami sikuwaza. Akabonyeza mara ya tatu na ya mwisho. Mimi nilifumba macho.

Ikapita. Dakika nne. Stakabadhi ikatoka kwenye mashine yake, dada akaibana kifuani, na sitawaficha, machozi yalinilenga.

Lakini Mama Fotokopi hakurudisha simu. Aliendelea kuandika. Nikachungulia. "Huduma nzuri sana. Namba ya simu ingepanda juu, vidole vinachoka."

Nikamuuliza anamwandikia nani.

"Vijana wa humo ndani," akasema, akionyesha geti letu kwa kidevu. "Kila fomu nikimaliza nawaandikia. Wana adabu watoto wale. Nikisema kitu, wiki mbili wametekeleza."

 Vikaratasi vyote vya njano, makofi yote yale, alikuwa mwanamke mmoja anayejaza fomu arobaini kwa siku kwenye simu za watu. Tulimpunguzia yeye kazi mpaka tukawafungia nje wengine wote.

Dada naye hana dogo. "Huyu ndiye aliyeitengeneza," akasema, akinivua kofia.

Benchi zima likageuka. Mama Fotokopi alinipa mkono kwa furaha ya kweli, na hapo nikazidi kuona aibu. Nikamwambia tulidhani maoni yale ni ya watu wengi. Akashangaa. "Mwanangu, mliniuliza nimeridhika? Nimeridhika. Mimi ni nani, hamkuniuliza."

Mzee mmoja aliyeshika bahasha ya mjukuu wake akaniuliza wao wayaandike wapi maoni yao. Nikamweleza kwamba kisanduku kinatokea mwishoni, ukishamaliza kujaza.

Akafikiri kidogo. "Mimi fomu imenifungia mara nne, hii ni ya tano najaribu," akasema taratibu. "Huko mwishoni sijawahi kufika."

Maneno hayo nikayaandika kwenye kikaratasi cha njano. 

Jumatatu tulikihamishia kisanduku ukurasa wa kwanza. Wiki moja tu, asilimia zikaporomoka hadi thelathini na moja, na Mzee Asilimia akabandua karatasi mlangoni kimyakimya. Siku iliyofuata nilimkuta kibandani, amekaa kati ya akina mama wawili, anauliza wanakwama wapi na anaandika.

Nikamuuliza Mama Fotokopi kama hatumharibii riziki. Akacheka, akasema ofisi yetu hata baada ya kujaza kwa simu bado inadai nakala tatu za karatasi.

Hiyo nayo tunaishughulikia.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kujua kama mlango wako ni mgumu, usiwaulize walioingia. Toka nje, kaa kwenye benchi, waulize waliobaki.