Picha Ambayo Mama Mashada Hakuivisha Maua

Kumepambazuka, na kwenye geti la hekalu la Wahindu wateja wameshaanza kupanga mstari. Mwanamke wa makamo, miwani imemshukia puani, ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza iliyotandikwa gunia lililoloweshwa. Mkono wa kulia umeshika sindano ndefu kama ya kushonea magodoro. Wa kushoto unachagua ua, unaligeuza, unalichoma sindano kwenye kikonyo na kulisukuma hadi kwenye uzi. Anashona bila kutazama. Midomo yake imekauka mpaka imepasuka, lakini chupa ya maji iliyo mezani ni ya kunyunyizia maua tu. Yeye hajameza hata tone tangu jana jioni.

"Nipe shada la asumini, la baba," anasema kijana aliyevaa shati la ofisini.

"Picha ya baba ni kubwa kiasi gani?"

Kijana anapima hewani kwa mikono miwili. Halafu, kwa sauti ya chini, anaomba apunguziwe bei.

"Marehemu angekusikia angeona haya," anamjibu bila kuinua macho. "Toa hela, baba yako anasubiri." Mstari mzima unacheka, na kijana analipa.

Huyu ndiye anayejulikana hapa kama Mama Mashada. Hata kuhani wa hekalu humwita hivyo. Amerithi meza hii kwa mumewe, aliyefariki kwa maradhi ya figo, na ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea mtoto wake wa pekee.

Kwa asiyeifahamu kalenda ya Wahindu, sikukuu zao hufuata mwezi wa angani. Mwezi ukikua ni nusu ya nuru, ukipungua ni nusu ya giza, na kila siku katika nusu hizo ina namba yake. Kati ya Septemba na Oktoba ipo nusu moja ya giza ambayo ni ya wafu. Aliyefariki siku ya tano ya mwezi hukumbukwa siku ya tano, wa siku ya kumi hukumbukwa ya kumi. Jamaa hutoa madonge ya wali na maji yenye ufuta mweusi, na picha ya marehemu ukutani hubadilishiwa shada. Harusi hazifungwi, nguo mpya hazinunuliwi. Baada ya hapo ndipo huja siku tisa za mungu mke, na mwezi unaofuata sikukuu ya taa.

Kibiashara, nusu hii ya giza ni ya kufunga mkanda. Mama Mashada huuza nusu tu ya anachouza siku za kawaida. "Wafu hawana fujo," anasema. "Kila mmoja anataka shada moja tu, basi. Ngoja walio hai waanze sikukuu zao, hapa hutapata hata pa kusimama."

Leo ni siku ya nane. Na siku ya nane, katikati kabisa ya siku za wafu, ina jambo lake. Akina mama wa upande wa ukoo wake hufunga bila chakula wala maji, kuanzia alfajiri hadi alfajiri ya pili, kuwaombea watoto wao maisha marefu.

Mama Mashada anamfungia mwanawe. Ndiyo maana wateja wanaomfahamu hawamtazami machoni leo. Mwanawe hajaonekana huu mwaka wa sita.

Alikuwa dereva wa lori. Alipakia saruji, akaaga, akasema akirudi ataziba paa la banda la maua. Njiani mvua ikamkuta. Mto ukafurika, daraja likaenda na magari yaliyokuwa juu yake.

"Lori waliliopoa," anasema, na sindano inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Saruji ilikuwa imegeuka mawe humo ndani. Yeye hawakumpata. Kiatu hawakukipata, shati hawakulipata. Sasa nani mwenye ubavu wa kuja kuniambia mwanangu amekufa?"

Hakuna aliyekuja kumwambia hivyo. Lakini kalenda ina nafasi kwa waliopotea kama mwanawe. Siku ya mwisho ya nusu ya giza, mwezi usipoonekana kabisa, ni ya marehemu wote ambao siku yao ya kufa haijulikani. Kila mwaka kuhani humkumbusha kwa upole kwamba siku hiyo ipo. Kila mwaka Mama Mashada humjibu kwamba ameshamfungia mwanawe siku ya nane.

"Nitamwombea uhai wiki hii, halafu wiki ijayo nimlishe na wafu? Mungu atanielewaje?" anauliza. "Lazima nichague moja. Mimi nimechagua."

Uongo mbaya, mwandishi wa makala haya aliondoka pale akiamini kwamba habari yenyewe ndiyo hiyo: mama asiyekata tamaa. Ilikuwa imebaki kuandikwa tu. Kilichobadili mambo ni ziara ya kesho yake, nyumbani kwake, alipokuwa anafungua mfungo.

Nyumba ni ya vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Sebuleni pana kochi moja, cherehani, na ndoo za maua zilizofunikwa vitambaa vibichi, kwa hiyo nyumba nzima inanukia hekalu. Ukutani zipo picha mbili zinazolingana ukubwa. Moja ni ya marehemu mumewe, na imevishwa shada. Nyingine ni ya mwanawe, haina kitu. Baba na mwana wamefanana kama shilingi kwa ya pili, hata masharubu waliyakata namna moja.

Katika nyumba ya Kihindu, shada kwenye picha lina maana moja tu, kwamba aliyepigwa picha ameshafariki. Picha ya mtu aliye hai haivishwi maua, hata kwa utani.

Cherehani ni ya mkwe wake, mke wa huyo dereva. Walikuwa wameoana hata mwaka haujaisha, hawakujaliwa mtoto. Ni mwanamke mwembamba wa maneno machache, anayeshona sare za shule na kumwita mama mkwe wake "Mama" kana kwamba ndiye aliyemzaa. Alipopotelewa na mumewe, kwao walitaka kumchukua. Alikataa kumwacha mama peke yake.

Mwaka jana fundi miwani wa mtaa wa pili, mjane wa kiume ambaye kila mwezi hununua shada la marehemu mkewe, alivaa shati lililopigwa pasi akaja kumposa. Alipita kwa mama mkwe, kama heshima inavyotaka. Hakukaribishwa hata maji.

"Nilimwambia huyu ana mume," anakumbuka Mama Mashada. "Nikamwambia akitaka maua aje, akitaka mke aende kwingine."

Na mkwe je? Mwandishi alipomuuliza, alitazama mlangoni kwanza. "Mama akisema yupo, basi yupo," alisema, akarudi kwenye mshono wake.

Asubuhi hiyo walikuwa na mgeni mwingine, dada mkubwa wa Mama Mashada, aliyekuja kwa ajili ya siku za wafu. Shemeji yake, yaani mume wa Mama Mashada, alifariki siku ya tisa ya mwezi, kwa hiyo kumbukumbu yake ilikuwa siku hiyo hiyo. Dada ana mtoto wa jicho na hataki kusikia habari ya upasuaji. Wakati Mama Mashada yuko jikoni anakunywa maji yake ya kwanza, dada alichukua shada jipya kwenye ndoo, akapanda juu ya stuli, akamvisha shemeji.

Isipokuwa hakumvisha shemeji. Alimvisha kijana.

Aliteremka, akakutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa na kusema taratibu, "Pumzika baba, umetuachia mtoto mwema." Mwandishi alilifahamu kosa, lakini hakujua kama ni mahali pake kusema.

Cherehani ilinyamaza. Mkwe alikuwa ameinua uso, anaitazama ile picha yenye maua. Hakupiga kelele. Aliteleza kutoka kwenye kiti, akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa sare ya shule aliyokuwa anaishona, akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kutoka tumboni, cha mtu aliyekibana muda mrefu kiasi kwamba hakujua tena kukianza vizuri.

Mama Mashada alitoka jikoni, glasi mkononi. Aliiona picha. Alikwenda moja kwa moja, akanyoosha mkono kulivuta lile shada, na mkono ukabaki hapo, umeligusa na haulivuti. Alikuwa amegeuka kumtazama mkwe wake.

"Nimefanya nini jamani?" aliuliza dada.

Mama Mashada aliketi sakafuni, kwa taabu, magoti yake si ya kuketi chini. Akamvuta yule binti, akamlaza mapajani. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwandishi aliaga kwa ishara na kujiondokea.

Siku chache baadaye, mezani kwake, Mama Mashada alilieleza mwenyewe bila kuulizwa.

"Tangu lori litoke mtoni sikuwahi kumwona analia," alisema. "Nikawa najisifu kwa watu, mkwe wangu ana moyo wa chuma. Kumbe nilimnyima ruhusa. Angemlilia vipi mtu ambaye mimi nasema yuko hai? Nimeshona mashada ya wafu wa mji mzima, watu wakapata pa kulilia. Wa nyumbani kwangu nikamnyima."

Alifuta miwani kwa upindo wa sari. "Mimi ni mama. Ningesubiri hadi kaburini, na sioni taabu. Lakini kusubiri ni kwangu. Yule ni mtoto wa watu."

Siku ambayo mwezi haukuonekana, Mama Mashada hakufungua meza. Wateja walikuta gunia limekunjwa. Alikuwa ndani ya ua wa hekalu na mkwe wake na dada yake. Mtoto wa kiume wa dada ndiye aliyetoa madonge ya wali, maana desturi hutaka mkono wa mwanamume wa ukoo. Kuhani alimwomba ataje jina la marehemu.

Mpwa alimtazama mama mdogo wake. Ilibidi jina litoke kwake kwanza. Mama Mashada alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita mtu aje kula. Ufuta na maji vikamiminwa. Mkwe wake alilia tena, safari hii wakilia wote wawili, na watu waliokuwa karibu walisogea kuwapisha.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na makala haya hayatadanganya. Siku tisa za mungu mke zilipoanza na maua yakawa yanaisha kabla ya adhuhuri, Mama Mashada alikuwa akishona huku machozi yanamdondoka kwenye waridi. Wapo majirani walionong'ona kwamba amemzika mwanawe ili amwoze mkwe. Yalimfikia. "Waseme," alijibu. "Mdomo ni wao, mkwe ni wangu."

Fundi miwani alipokuja kununua maua yake, hakufukuzwa. Aliambiwa neno moja tu, aache kuwauliza watu wengine, amuulize mwenyewe. Mwenyewe hajamjibu. Amesema anataka kwanza amlilie mumewe, na Mama Mashada anaona ana haki hiyo kwa muda wowote atakaoutaka.

Siku ya nne baada ya mwezi mpevu ni mfungo mwingine, nao ni wa wake. Wanawake wenye waume hushinda bila kula wala kunywa kuwaombea waume zao maisha, hadi mwezi utakapochomoza jioni. Kwa desturi ya nyumba hii, mama mkwe huamka kabla ya alfajiri kumpikia mkwe wake chakula cha kumsitiri kutwa. Mama Mashada ameamka hivyo kila mwaka, na kila mwaka yule binti amefunga kwa ajili ya mtu aliyeko mtoni.

Mwaka huu mama aliamka vilevile, kwa mazoea. Anasema alifika jikoni, akawasha jiko, akakumbuka, akalizima. Akarudi kukaa kitandani hadi kukakucha.

Mchana wa siku hiyo geti la hekalu limejaa wanawake wenye hina mikononi, wanaonunua maua kwa midomo mikavu wakiulizana saa ya mwezi. Mama Mashada anamwachia dada yake meza, anavuka barabara na sufuria iliyofungwa kitambaa, hadi nyumbani. Mkwe wake yuko kwenye cherehani. Hajala. Si kwamba amefunga, anasema, ila mkono haumwendi kwenye chakula siku kama ya leo.

Mama anafungua sufuria. Ni dengu na chapati, bado zinafuka. Anakata kipande, anachovya, anamlisha kwa mkono wake. Binti anatafuna polepole, macho chini. Anamlisha cha pili, na cha tatu anakichukua mwenyewe.

Alipoulizwa anatarajia nini baada ya haya yote, Mama Mashada hakutaja meza kubwa zaidi wala banda jipya.

"Mwakani, siku kama hii, namwombea ashinde na njaa," anasema, akimtazama anavyokula. "Afunge kwa ajili ya mume anayerudi nyumbani jioni. Na kama huko aendako hakuna mama mkwe wa kumwamkia alfajiri, nitakwenda kumpikia mimi. Nani wa kunizuia?"