Simu za Nyuma ya Jiko

Tulipoondoa makuti na kuezeka mabati, majirani zetu hapa Msambweni walikuja kutupa hongera, na ndipo mume wangu alipoanza kupokea simu zake nyuma ya jiko.

Yeye ni askari wa geti kwenye nyumba moja ya wageni Diani, na hurudi nyumbani siku zake za mapumziko. Zamani alikuwa akizungumza kwa simu amejilaza kitandani, nami nasikia kila neno. Sasa ikilia tu, anatoka na kusimama kwenye mpapai, amenipa mgongo, sauti chini.

"Mbona huzungumzi ndani?" nikamwuliza.

"Ndani mtandao hakuna, mke wangu. Nikipokea, inakatika."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikawa naosha vyombo karibu na dirisha la jiko, hata sufuria zilizokwisha takata. Niliambulia kicheko tu, na kicheko chenyewe sikukipenda. Kilikuwa laini mno kwa mtu anayezungumza na askari mwenzake.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa minara ya simu. Alipokuja kutusalimu nikamwuliza, huku nikijifanya sina haja na jibu: bati laweza kuzuia simu?

Akacheka. "Ndiyo, dada. Simu na mnara huzungumza kwa mawimbi. Kwenye makuti yanapita, bati yanaligonga na kurudi. Yale machache yanayoingia dirishani yanadundadunda ndani, na yakikutana vibaya yanauana. Ndiyo maana ukisogea kidogo unapata, ukirudi umekosa. Usimshuku shemeji bure."

Nilizunguka nyumba nzima na simu yangu mkononi. Dirishani mtandao ulikuja, kabatini ukapotea. Nilifurahi mpaka nikakuna nazi mbili, nikampikia mume wangu wali na samaki wa kupaka.

Lakini shaka ni kama mchwa, ukifagia leo kesho umerudi. Nikamwomba mdogo wangu abandue bati moja juu ya kiti cha sebuleni, atie la plastiki, lile linalopitisha mwanga. Akalitia. Nikajaribu simu yangu pale kitini, mtandao ukajaa. Mume wangu nilimwambia nimetaka mwanga tu.

Jumamosi alirudi, akaketi kiti kile kile, nikamwekea chakula. Simu yake ikalia. Akaitazama, akainuka.

"Hapo ulipo mtandao umejaa," nikamwambia. "Nimeujaribu mwenyewe."

Akainua macho juu, akaliona lile bati la plastiki, kisha akanitazama mimi. Simu ilikuwa bado inalia mkononi mwake.

"Humu ndani kuna joto," akasema.

Akatoka. Na safari hii akaurudisha mlango nyuma yake, jambo ambalo siku za mtandao mbovu hakuwahi kulifanya.