Betri Juani

Juzi huko Diani nilimwona bawabu wa hoteli ameanika betri za tochi ukutani, nikakumbuka harufu ya makopa ya muhogo ya mama. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na redio yetu pale Ramisi ilikuwa ya pekee mtaani, lakini baba hakutaka kununua betri mpya. Zile zilizokwisha nguvu alizianika jamvini pamoja na makopa hayo.

Alasiri ile shangazi alikuja kwa miguu kutoka Majoreni, kwa kuwa mwanawe aliyefanya kazi Mombasa angemsalimu redioni.

"Anamsalimu mamake," sauti ya redioni ilisema ikififia, "na anamwambia..."

Kimya.

"Ananiambia nini?" shangazi aliuliza.

"Leo jua lilikuwa na mawingu, dada," baba alijibu.

"Na ubahili wako, kaka, nao una mawingu?"

Baba alizitoa betri akaziuma moja moja ili zipate nguvu. Nilisogea karibu, maana nilidhani maneno yaliyobaki yamekwama humo ndani. Sikujua kwamba yalikwisha pita hewani. Redio ilirudi, na mtu wa Voi alikuwa akiwasalimu shemeji zake.

"Nao hawajambo," alisema shangazi, akajifunga leso arudi kwake.