Kichwa cha Sangara kwa Mama Neema

Juzi, kwenye duka kubwa la mjini, niliona minofu ya sangara imefungwa kwa nailoni. Niliposoma bei nikairudisha, na hapohapo nikakumbuka moshi wa jikoni kwetu Makoko.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mama alitoka kiwanda cha samaki na beseni la mapanki kichwani: vichwa, miiba ya mgongo na mikia. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, na kitoweo cha maana hatukuwa tumekiona siku nyingi.

"Minofu imeenda wapi?" nilimuuliza.

"Ulaya. Na kwa wenye nacho."

"Vichwa hawavitaki?"

"Hawajuagi kuvila," alijibu, akitumbukiza kimoja kwenye mafuta yaliyochemka.

Kwetu kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, au cha mgeni wa heshima. Sasa kila mmoja wetu alikuwa na chake. Niliamini tumetajirika. Nikawahurumia Wazungu, kisha nikamhurumia Mama Neema, jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa na malori na kwao walikula minofu tu. Nikachukua kichwa kilichoiva vizuri, nikakifunika kwa sahani, nikampelekea.

"Shikamoo, mama. Na nyie leo mle cha heshima."

Alikipokea kwa mikono miwili, bila kucheka.

Leo najua tulikuwa tunakula mabaki. Mama alilijua hilo siku ileile. Niliporudi nikamsimulia, aligeuza samaki kwenye kikaango, akasema, "Kesho umpelekee kikubwa zaidi."