Bibi Harusi Aliyeomba Mvua

Ipo siku moja ya Alhamisi ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiitwa kwenye hina ya msichana hapa Garissa hunirudia. Juzi ilinirudia tena. Tulikuwa uani kwa ndugu yangu, bibi harusi amenyoosha miguu mkekani anapakwa hina, na wenzake walioolewa karibuni wamemzunguka, kila mmoja akisimulia yaliyomkuta. Mmoja fundi wake wa Islii kule Nairobi alimshonea dirac, lile vazi letu jepesi la Kisomali la sherehe, ya rangi ya nyanya mbivu wakati yeye aliagiza ya dhahabu. Mwingine mpiga picha wake alikwama Mwingi na basi bovu, akafika watu wanakunja viti. Wa tatu alivamiwa na lori zima la jamaa za mume ambao hakuna aliyewatarajia, wali ukaisha kabla wazee hawajanawa mikono. Walikuwa wakicheka mpaka machozi yanawatoka, lakini ilikuwa wazi kwamba siku zenyewe hawakucheka hata kidogo.

Nawapenda sana wasichana hawa na ninawastahi. Mchana wako kazini, jioni wanabishana kwenye simu na wenye mahema, katikati wanapatanisha shangazi wawili ambao hawajasalimiana tangu msiba wa nani sijui, na asubuhi wanaamka wakitabasamu. Baadhi yao niliwafundisha Kiswahili shuleni. Kuna mmoja hakuwahi kunimalizia insha hata moja, na leo anaendesha harusi ya mtaa mzima bila kubabaika, nami nakaa pembeni namtazama kwa mshangao. Kwa hiyo haya nitakayosema usiyachukue kama lawama. Nataka tu ujue habari za binamu yangu Ebla, kwa sababu katika mabibi harusi wote niliowaona kwa macho yangu, sijaona aliyemfikia.

Wakati huo nilikuwa msichana, bado natafuta nafasi ya chuo. Simu za mkononi ndiyo kwanza zimeanza kuonekana mjini, na katika safu yetu nyumba pekee iliyokuwa na simu ilikuwa ya jirani yetu, Mwalimu Mueni, mama wa Kikamba aliyeletwa kufundisha shule ya msingi iliyo nyuma ya ua wetu. Ebla aliishi kwetu. Baba yake alifariki akiwa mdogo, na mama yake, habaryar Fatuma, alibaki na ng'ombe upande wa Sangailu. Habaryar ni mama mdogo, kwa wewe uliyekulia Nairobi ukasahau. Alimleta bintiye kwetu mjini asome, kisha akarudi kwa mifugo, maana mifugo hiyo ndiyo iliyomsomesha. Mama na mwana wakawa watu wa kuonana likizo tu, tena likizo ambayo mvua imeruhusu na malisho yako karibu.

Basi Ebla akachumbiwa na kijana mmoja mpole kutoka Diff, na kazi ya kupanga harusi akaishika mwenyewe. Aliipanga, mwanangu! Aliijua kila sahani itatoka jikoni kwa nani. Alimfuata muuza nyama ya ngamia mpaka sokoni akamwekea masharti, mzee wa watu akabaki anacheka. Lakini kuna jambo moja alilolitaka kuliko yote, akaniambia tukiwa tunafua.

"Mengine yote yakiharibika, sawa," alisema. "Lakini nataka hooyo awe amekaa kando yangu. Siku moja tu, watu wote wakituona."

Hooyo ni mama, hilo hujalisahau.

Sasa mwaka huo mvua ilikuwa imetukimbia. Huku mjini tulilalamikia vumbi na bei ya maziwa, lakini kule Sangailu mambo yalikuwa mengine. Ng'ombe akikonda kupita kiasi hulala, na akilala hana nguvu ya kuinuka, na asipoinuliwa hufa pale pale alipo. Kwa hiyo kila alfajiri watu hushikana, huyu mkiani, yule mabegani, mwingine chini ya tumbo, wanamnyanyua na kumshikilia mpaka miguu yake ikubali kusimama. Kisha wanakwenda kwa mwingine. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo habaryar Fatuma na wanawe siku zile ambazo sisi tulikuwa tunachagua michoro ya hina. Alituma ujumbe kwamba angeondoka Alhamisi, akishainua wa asubuhi, apande lori la mifugo linalopitia Bura na kufika Garissa jioni. Harusi ilikuwa Ijumaa.

Jumatano masheikh wakatangaza swala ya kuomba mvua. Alhamisi asubuhi, mji mzima utoke uwanjani, wanaume, wanawake, watoto, hata mbuzi waletwe. Na hapo ndipo akili zetu sisi wasichana zilipoanza kufanya kazi vibaya. Barabara ya Sangailu ni udongo mweusi. Ikinyeshewa, unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko, na hakuna lori linalopita mpaka jua liukaushe. Mvua ikinyesha Alhamisi, mama hafiki. Tena hema liko nje, viti viko nje, masufuria yako nje.

"Mungu atupe mvua," mmoja wetu akasema, "lakini aanze Jumamosi." Tukacheka sote na kuitikia amina.

Ayeyo Dahabo, bibi yetu, alikuwa kwenye kizingiti anachambua mchele. Akaacha. Ayeyo hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na ndiyo maana tulimwogopa.

"Mnampangia Mungu ratiba?" akauliza. "Kila siku inayopita bila mvua, kuna ng'ombe wa Fatuma ambaye hatainuka tena. Mnataka aje acheze ngoma hapa, kisha arudi akute mizoga? Haya, ombeni. Lakini siku atakayorudi huko, mwende naye mkamsaidie kulia."

Mimi nilijifanya natafuta kitana. Ndipo Ebla akasimama, miguu imejaa hina mbichi.

Lazima nikwambie kwamba bibi harusi siku zile hakutoka nje hata kidogo. Alifungiwa ndani afukizwe uunsi, udi wetu, mpaka nguo na nywele zinukie, jua lisimguse, watu wasimwone mpaka siku yake. Na Ebla mwenyewe alikuwa ameishika desturi hiyo kwa furaha, kwa sababu alitaka atoke amependeza.

"Ayeyo," akasema, "kesho nataka kwenda kuswali na watu."

"Unajua unakwenda kuomba nini?"

"Najua."

"Na mama yako?"

Ebla aliinama kidogo, akawa anatazama hina yake. "Nikiomba isinyeshe ili aje, nitamtazamaje machoni akifika?"

Ayeyo akarudi kwenye mchele wake. Baadaye akasema tu kwamba ajifunike vizuri, jua ni kali.

Nilisimama kando ya Ebla uwanjani asubuhi ile. Vumbi lilikuwa limesimama, mbuzi wanalia, watoto wanalia, sheikh akaligeuza joho lake ndani nje kama inavyofanywa katika swala hiyo, na watu wote wakainua mikono. Mimi niliomba, sikatai, lakini niliomba kwa sauti ya mtu anayetumaini asisikike sana. Ebla aliinua viganja vyake vyekundu juu kuliko kila mtu. Alikuwa analia, shela imelowa, na niliyoyasikia kutoka kinywani mwake yalinisimamisha nywele.

"Ya Rabbi, leo," alikuwa anasema. "Hata leo. Leo."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimesikia hotuba na mawaidha mengi, na sijasikia dua iliyonigusa namna ile.

Ikanyesha alasiri. Haikuanza kwa manyunyu, ilishuka yote pamoja kama mtu aliyemwaga beseni. Watoto walivua mashati wakakimbia barabarani, wazee wakatoka na kanzu zao wakasimama tu wakilowa. Hema letu la kukodi lilijaa maji katikati, likaporomoka na vyuma vyake. Mazulia yakaelea. Wasichana wakalia kwa uchungu, na mimi nikalia nao, na siwezi kusema tulikosea, maana tulikuwa tumechoka na tumejitahidi sana. Ebla alikaa dirishani akitazama upande wa kusini, upande wa Bura, ambako mawingu yalikuwa meusi zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa Mwalimu Mueni akaja mbio na simu yake mkononi, matope mpaka magotini. Alikuwa amepigiwa na dereva wa lori kutoka Bura, na kwa kuwa simu ilikuwa bado wazi, akatuwekea sikioni.

"Mwalimu, gari imelala kwa matobe," dereva alikuwa anapiga kelele kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Hakuna kubita. Mama Fatuma hakubanda. Ilianza kunyesha, yeye akarudi kwa ng'ombe, wasife kwa matobe. Amesema, mwambie mtoto afumilie."

Ebla akachukua simu kwa mikono miwili. Tulidhani angelalama. Aliuliza swali moja: "Sangailu imenyesha?"

"Imenyesha mbaka laga imefurika!" dereva akajibu. Laga ni mto wa msimu, ule unaokauka kiangazi.

"Alhamdulillah," Ebla akasema, akamrudishia Mwalimu simu yake, akajitupa kifuani kwa Ayeyo akalia kilio cha kweli. Aliyataka yote mawili, mwanangu. Usidhani mtu mwema haumii. Alimtaka mama yake vibaya sana siku ile.

Kisha akafuta uso, akaanza kazi. Nikah ilifungwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, amu yake akiwa walii. Mwalimu Mueni alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba darasa, akayatoa madawati yeye mwenyewe pamoja na wanawake wa mtaa, akasema harusi ya jirani haiwezi kukosa paa. Nyama ya ngamia ilipikiwa kwenye veranda ya shule. Tukacheza mle darasani, ubao una hesabu za darasa la nne, na Ayeyo Dahabo, aliyekuwa hajasimama kwenye ngoma kwa miaka, akasimama katikati ya wanawake akamsifu bibi harusi kwa buraanbur, mashairi yetu ya wanawake, mahali ambapo mama angesimama. Mwalimu Mueni hakuelewa neno hata moja, naye alilia kuliko sisi.

Lakini kiti cha kando ya Ebla hakikukaliwa na mtu. Alikataa.

Siku ya saba kwa desturi yetu wanawake hukusanyika kumvika bibi harusi kitambaa cha mke wa mtu. Siku ya saba ikafika, barabara bado tope. Ebla akamwomba mama mkwe wake, aliyetoka Diff kwa safari ndefu na aliyekuwa na haki zote za kutaka kurudi kwake, kwamba wasubiri. Watu wakaguna. Yule mama akawatazama, akasema kwamba hata yeye ana mifugo, na kwamba atasubiri. Mpaka leo nikilitaja jina lake namwombea heri.

Habaryar Fatuma alifika siku chache baadaye, mchana, juu ya lori la kwanza lililopita. Aliteremka kwa shida, amekonda, mikono imechubuka kwa zile kazi za kunyanyua, pindo la nguo limekauka udongo. Alikuwa na aibu. Nilimwona akisimama mlangoni kama mgeni, akitafuta maneno ya kuomba radhi kwa kukosa harusi ya mtoto wake wa pekee wa kike. Ebla alitoka ndani akimkimbilia, akamshika ile mikono.

"Hooyo," akasema kabla mama hajafungua kinywa, "wamesimama?"

Mama yake naye alivibana viganja vya bintiye.

"Wamesimama," akasema. "Wenyewe. Asubuhi nilikwenda kuwainua nikakuta wamesimama wanakula."

Wakaanguka wote wawili pale mlangoni wakilia na kucheka, na sisi tukawaacha. Kitambaa kilifungwa jioni ile, na aliyekifunga ni mama yake mwenyewe.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii, na nitaisema waziwazi ili usije ukasema shangazi alizunguka. Panga harusi yako. Ipange kwa bidii yote, chagua rangi, gombana na fundi, na kikiharibika kitu, lia, huna haja ya kujikaza. Harusi ni jambo kubwa na anayekwambia ni upuuzi hajawahi kuipanga. Lakini ndani ya mipango hiyo, kumbuka kwamba wale unaotaka wakae kando yako wana maisha yao yanayoendelea siku hiyo hiyo, wana ng'ombe wao wa kuinua, hata kama kwao ng'ombe ni duka, au mgonjwa, au mtihani. Usiombe siku yako inyooke kwa kupinda siku zao. Na asiyeweza kuja, kabla hujamuuliza kwa nini hakuja, muulize kwanza anaendeleaje. Ukimuuliza hivyo, atajua kwamba ulimwekea kiti siku nzima.

Ewe binti yangu, Mwenyezi Mungu akupe mume anayekusikiliza na mama mkwe mwenye kusubiri. Akulindie mikono iliyokulea. Akujaalie watoto, maziwa na majirani wa kukufungulia mlango. Na akupe mvua, mwanangu, hata ikibidi ikunyeshee siku ya harusi yako.