Bamba la Msalaba Mdogo

Mtoto wa dada yangu hakumaliza wiki. Alizikwa Kalimoni, nyuma ya migomba ya wakwe zake dada, bila viti vya kukodi, bila hata pasta. Baba mkwe aliomba kwa kifupi, watu wakarudi nyumbani. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa mtoto mchanga hafanyiwi mambo mengi. Nani aliamua? Dada yangu alikuwa amelala chumbani, maziwa bado yanamtoka, yanalowesha blauzi.

"Nataka jina lake liwe pale msalabani," aliniambia. "Hilo tu."

Nilisomea uhandisi, na kazi niliyopata ni Ruiru, kwenye karakana ya meza za jikoni na vikaangio vya chipsi. Nilichukua kipande chembamba cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, kilichobaki, nikakipeleka Thika mjini kikachorwa jina, nikarudi nacho kutoboa matundu manne ya skrubu.

Stenlesi nyembamba ni chuma chenye kiburi. Ukiharakisha drili, haikatiki. Inapata moto, inageuka rangi ya samawati, kisha inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, nikiwa na hasira za mazishi yale, na kelele zikajaa karakana nzima.

"Injinia, unatoboa ama unachoma nyama?" mwenzangu akauliza.

"Wachana na mimi."

"Hiyo hapo kando ni namba ya gari? Umenunua gari na hujatuambia?"

Nikamwambia ni ya kaburi la mtoto. Akazima grinda yake. "Pole, buda," akasema, akanisaidia kubana bamba katikati ya mbao mbili, lisipinde wala kuchanika tundu linapofunguka. Nikapunguza kasi, nikatia mafuta, nikakandamiza bila kusita, maana ncha ya drili ikisugua bila kukata ndipo chuma kinapogoma. Upande wa chini palibaki makali membamba kuzunguka kila tundu. Niliyaondoa kwa ncha nene zaidi, nikiizungusha kwa vidole, kisha nikapitisha kidole gumba pande zote mbili. Siamini kwamba wafu husoma. Lakini nilijua dada yangu atalipapasa bamba lile kila atakapokwenda.

Jumamosi nikalipeleka Kalimoni. Mama mkwe wake alilishika, akasoma, akaliweka mezani haraka.

"Hili ni jina langu."

Kweli lilikuwa lake. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Sote tulijua hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria.

"Cucu, hapa ni la mtoto," nikasema, nikimwita nyanya kwa lugha ya kwetu.

"Si mtoto ni mimi? Alipozaliwa nilizaliwa tena, nikaimba hapa mpaka majirani wakaja. Sasa niwe nikienda kuchuma mboga naona nimezikwa?"

"Lakini cucu, jina haliwezi kumfanya mtu..."

"Nyamaza, wewe na shule yako! Unadhani ni huyu peke yake amefiwa?" Akamnyooshea dada yangu kidole, halafu akauficha mkono chini ya leso.

Nilikuwa na maswali tele, na kila moja lilikuwa na mantiki. Shemeji yangu, baba wa mtoto, aliangalia viatu vyake. Dada alilichukua bamba akatoka, nami nikamfuata na bisibisi.

Kwenye msalaba alilipindua, jina likaangalia mbao.

"Funga hivi."

"Hakuna atakayelisoma."

"Funga."

Nikakaza skrubu nne. Bamba lililala sawasawa, limebana kila upande. Yeyote angepita angeona chuma kitupu kinachong'aa. Dada alijaribu kupenyeza ukucha chini ya ukingo wake, ukakataa kuingia, naye akaendelea kujaribu kona moja baada ya nyingine mpaka nikamshika mkono.

"Huko ndani halitashika kutu?" akaniuliza.

Stenlesi huishi kwa hewa; hewa ndiyo huipa ngozi nyembamba inayozuia kutu. Ikibanwa kwenye mbao mbichi, mvua ikaingia ikakosa pa kutokea, huanza kuliwa polepole mahali pasipoonekana. Huwa simwachi mtu yeyote akiamini jambo lisilo hakika.

Nikamwambia halitashika.